Hukumu ya "makubaliano" ambayo hukukubali, kwa nini huruhusiwi kukata rufaa?

Mtoa mada (Arusha):
Wakuu habari za jioni. Mama yangu mdogo wa Ngaramtoni alikuwa na kesi ya shamba na shemeji yake, siku moja wakili wake akamwambia leo usije kesi inatajwa tu, haisikilizwi, akabaki anapalilia mahindi yake, miezi mitatu baadaye dalali wa mahakama (yule anayetekeleza hukumu) huyo na karatasi, eti mama alikubali shamba ligawanywe nusu kwa nusu na hakimu alisharekodi suluhu. Sahihi ni ya wakili. Kutaka rufaa kaambiwa haipo, kifungu cha 70(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33 (toleo la 2019), kinazuia rufaa kwa hukumu iliyotolewa kwa ridhaa ya wadaawa, yaani pande zote mbili za kesi. Ridhaa ya nani sasa? Mimi naona kifungu kile kinamfunga aliyekubali ili asigeuke, huyu ambaye hajakubali kinamfungaje?

Mdau wa Moshi:
Pole kwa mama, ila mkuu hapa napingana na wewe. Rufaa inasoma kilichopo kwenye jalada, na jalada linasema wamekubaliana, hao wa juu watajuaje wakili alimwambia nini kwenye simu? Hilo linataka mashahidi waulizwe maswali. Ndo maana unaambiwa omba mapitio, yaani mahakama ileile iangalie upya uamuzi wake, au fungua kesi mpya uthibitishe udanganyifu. Halafu fikiria kesi za vihamba (mashamba ya ukoo) huku kwetu, ndugu wanasuluhishwa wanasaini, jioni watoto wa Dar wanapiga simu mmoja anabadilika. Rufaa ikifunguliwa nani atasuluhishwa tena? Katiba yenyewe ibara ya 107A(2)(d) inataka mahakama ziendeleze usuluhishi.

Mtoa mada:
Hapo kwenye ushahidi umenishika, nakubali. Ila ibara hiyohiyo ukishuka (e) inasema haki itendeke bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Mapitio ni siku 30, mama kajua miezi mitatu ikiwa imeshapita, kwa hiyo aanze kwanza kuomba kuongezewa muda, na kesi mpya ni ada upya wakili upya, dalali naye hasubiri. Na kuna jambo rufaa ingeliona bila shahidi hata mmoja: mwenendo (kumbukumbu za mahakama) wa siku ile unaandika nani alikuwepo. Kama mwenye shamba hayupo na sahihi yake haipo si linasomeka palepale? Hata swali moja tu la hakimu, mama umeelewa unachokubali, si lingeonekana humo? Na hati yenyewe ni Kingereza mwanzo mwisho, wakati toka marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndo lugha ya mahakama.

Mdau wa Moshi:
Kama hakuwepo kabisa hapo hata mimi nasita. Chukueni nakala ya mwenendo kwanza, na ombeni hukumu isikazwe, yaani isitekelezwe, kabla dalali hajaweka mipaka.

Mtoa mada:
Asante mkuu. Jumatatu asubuhi niko masijala na mama.