Lenzi moja ya 18-200 kwa kazi zote: picha za mbali laini, kuta zinapinda

Mwembe_Kuku
Salaam waungwana. Nina kamera ya Nikon D5600 na lenzi ya zumu ya mtumba, Nikon 18-200mm VR (yenye kituliza mtikisiko), toleo la kwanza. Kazi ni kupiga picha za wageni wanaotembezwa hapa Mombasa: Mji Mkongwe, Fort Jesus, feri ya Likoni, twiga wa Haller Park. Kubadilisha lenzi kila saa kwenye upepo huu wa chumvi sitaki, ndiyo maana nimeshikilia hii moja. Lakini kwenye 200 (zumu hadi mwisho) picha hutoka laini, si kali, hata jua likiwaka, kwenye 18 (upana wote) kuta za Ngome zinapinda, na kamera ikining'inia shingoni lenzi inajivuta yenyewe hadi mwisho. Natumia Auto. Ni lenzi mbovu, au ndivyo zilivyo?

Kaskazi72
Hilo la kujivuta ndilo jepesi. Toleo la pili lina swichi ya kufuli, nayo hufunga kwenye 18 tu, lako halina. Tafuta ule mpira mpana wa kuvaa mkononi, uvishe nusu juu ya pete ya zumu na nusu juu ya sehemu isiyozunguka. Usitumie selotepu, gundi yake huyeyuka kwa joto letu na kubaki kwenye pete.

Ulaini wa 200, anza na kasi ya shata, yaani muda ambao sensa inapokea mwanga. Fungua picha zako, utazame taarifa zake. Sensa ya D5600 ni ndogo mara 1.5 kuliko fremu ya 35mm, kwa hiyo 200 inabana kama 300, na mtikisiko wa mkono unakuzwa vivyo hivyo. Bila VR unahitaji angalau 1/300 ya sekunde. VR itatuliza mkono wako, haitamtuliza mtoto anayekimbia wala shingo ya twiga. Kwa hao usishuke chini ya 1/500. Auto kivulini inaweza kukupa 1/125 na isikwambie kitu.

Geuza kidude cha juu hadi A (wewe unachagua tundu, kamera inachagua kasi), weka f/8, ambayo ni ukubwa wa tundu la mwanga: namba ikipanda, tundu linapungua. Kwenye menyu ya ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) washa ISO ya kujipanga yenyewe, kasi ya chini kabisa 1/500, ISO ya juu kabisa 3200. Jua kali la mchana, f/8 na 1/500 hukaa kwenye ISO 125 hivi, kwa hiyo hupotezi chochote. Kwenye vichochoro ISO itapanda, na iache ipande: chenga zinazoletwa na ISO kubwa zinapunguzika kwenye kompyuta, picha iliyotikisika hairudi.

Kwa nini f/8? Kwenye 200 tundu lililo wazi kabisa ni f/5.6, na hapo ndipo lenzi hizi huwa dhaifu zaidi. Ukifunga hatua moja pembe za picha zinakuwa kali. Ukifika f/16 na kupita, kujipinda kwa mwanga kwenye ukingo wa tundu kunaonekana wazi na picha nzima inalainika tena.

Swichi ya VR: Normal ukiwa nchi kavu, Active ukiwa ndani ya feri au tuktuk, maana injini inatikisa kila kitu. Kamera ikiwa juu ya tripodi, izime. Na ubonyeze shata nusu, usubiri picha itulie ndani ya kioo cha kuchungulia, ndipo umalizie.

Bi_Mizani
Kupinda si ubovu. Lenzi inayobeba 18 hadi 200 lazima ikubali kasoro fulani: kwenye 18 mistari inatuna nje, na kuanzia kama 35 inaingia ndani. D5600 ina kirekebishaji cha kupinda kwenye menyu ya kupigia. Kiwashe kama unapiga JPEG, ila acha nafasi pembeni maana hukata kidogo. Ukipiga RAW (faili ghafi), programu za Lightroom au darktable, ambayo ni ya bure, zitanyoosha kwa wasifu wa lenzi, yaani vipimo vya kasoro zake.

Lakini tazama vizuri picha zako za Ngome. Ukuta *kutuna* na ukuta *kulalia nyuma* ni mambo mawili. Wa pili unatokana na kuinua kamera juu, na wasifu wa lenzi hauugusi. Rudi nyuma, shika kamera sawasawa, tumia 24 au 28. Kwenye kichochoro usichoweza kurudi nyuma, isimamishe kamera wima, iwe sawasawa vilevile, kisha kata sakafu iliyozidi baadaye. Milango ya nakshi usiipige kwa 18 hata kidogo. Simama mbele yake na 35 hadi 50.

Na ukiwasha flashi ya kamera, vua kofia ya lenzi, ile ya kukinga jua. Kwenye 18 hutupa kivuli cha nusu duara chini ya picha, watu wakadhani kamera imeharibika.

Shata_Moja
Mimi ningeiuza tu. Lenzi mbili za Nikon, 18-55 na 70-300 za aina ya AF-P, zitakupa picha kali zaidi. Tena hiyo 200 yako si 200 kamili kwa vitu vya karibu: ukilenga kitu kilicho mita moja, inaona kwa upana kama lenzi fupi zaidi.

Kaskazi72
Kweli, lakini mtu anayefuatana na wageni hana dakika ya kubadilisha lenzi, na kufungua kamera juu ya feri ni kualika chumvi kwenye sensa.

Fundi_Makupa
Kabla ya kuuza, pima. Tripodi, VR imezimwa, f/8, ISO 100, kipima muda cha sekunde mbili. Lenga bango lenye maandishi umbali wa mita kumi, upige kwenye 18, 50, 100 na 200. Kila hatua piga mbili: moja kwa kulenga ndani ya kioo cha kuchungulia, nyingine kwa skrini. Upande mmoja wa picha ukiwa laini kuliko mwingine, kuna kioo cha lenzi kilichohama ndani, pengine ilianguka. Skrini ikitoa kali na kioo kikatoa laini, tatizo ni fokasi.

Kisha ivue, sukuma taratibu kile kijiti cha chuma cha nyuma ili tundu lifunguke, umulike tochi kutoka mbele. Ukiona nyuzi kama utandu wa buibui, ni fangasi.

Lenzi hizi zikirefuka huvuta hewa ndani, pamoja na vumbi na unyevu. Futa lile bomba linalochomoza kwa kitambaa kikavu kabla ya kulirudisha. Nyumbani, iweke kwenye boksi lisilopitisha hewa na silika jeli, unyevu asilimia 40 hadi 50. Ukitoka chumba chenye AC, iache ndani ya mfuko uliofungwa nusu saa, la sivyo mvuke unaganda kwenye vioo.

Mwembe_Kuku
Shukran. Fangasi hakuna, pande zote sawa. Kwa skrini 200 ni kali kabisa, kwa kioo ni laini, kila mara inalenga nyuma kidogo ya bango.

Fundi_Makupa
Basi lenzi ni nzima, ila haijapatana na bodi ya kamera yako. Nikon D7200 ina marekebisho ya fokasi kwenye menyu. D5600 haina, kwa hiyo peleka vyote viwili pamoja kwa fundi mwenye vifaa vya kupimia, si lenzi peke yake. Kwa sasa vitu vilivyosimama lenga kwa skrini. Vinavyotembea tumia pointi ya katikati na ufunge hadi f/11, ili kosa dogo la fokasi lifichike.