Huduma za simu zinagongana, mnatesti vipi?

fundi_laini: Wakuu naomba msaada. Naandika programu ya switchibodi (mtambo wa kuunganisha simu), kila huduma nikiitesti peke yake inapita, nikimwashia mtu mmoja huduma mbili ndo vurugu. Mfano ana ile ya kusubirisha simu, akiwa anaongea anasikia mlio kuna mwingine anapiga, halafu ana na ya kuhamisha simu akiwa bize. Simu ya pili ikiingia zote mbili zinaigombania, mara inashinda hii, ukiristati sava inashinda ile. Huduma ziko 12, nitatesti mpaka lini?

mama_switchi: Pole mkuu, ila hapo hakuna bagi, kuna swali hamjalijibu: bize ni nini? Mwenye kusubirisha akiwa na mazungumzo mamoja bado ana nafasi, kwake bize ni mpaka zijae zote mbili, na hapo ndo simu ihamishwe. Liandikeni hilo kwanza, msiiachie sava ijichagulie. Huduma 12 ni jozi 66, skripti inazimaliza, za tatu tatu (ziko 220) ziache mpaka jozi zikae sawa.

juma_sip: Jozi za mtu mmoja hazitoshi kabisa. Chukua A kazuia laini yake isimpigie C, B naye kahamishia simu zake kwa C. A akimpigia B, kwa C kunaita! Kizuizi kiliangalia namba iliyobonyezwa tu, na kila huduma imefanya ilichoambiwa, kwa hiyo testi ya "huduma inafanya kazi?" haiwezi kulikamata. Andika mambo ambayo hayatakiwi kutokea kamwe, halafu yakague kwenye kila jozi. Na mizunguko pia, A kahamishia kwa B na B kwa A. SIP (lugha ya mitambo ya kuunganisha simu za intaneti) ina Max-Forwards, yaani hesabu ya hatua ambazo ombi bado linaruhusiwa kupita, kawaida inaanza na 70 inapungua kila hatua, ikiisha unapata 483 (kosa la hatua kuzidi), ila switchibodi yako ikitengeneza INVITE (ombi la kuanzisha simu) mpya na kuianzishia 70 upya basi simu itazunguka tu. Ibebeshe ile hesabu iliyobaki, ukipunguza moja.

fundi_laini: Asanteni sana, hiyo ya INVITE ndo ilivyo kwangu kabisa, naenda kurekebisha. Sasa kwa A, B na C nani ashinde?

mama_switchi: Inategemea A kazuia kwa nini. Kama ni gharama, kipande cha B kwenda C mara nyingi analipa B, acha ipite. Kama hataki kabisa kuunganishwa na C, kizuizi kishinde na simu ikatwe. Ndo maana mimi ningeweka vizuizi viwili tofauti kwenye menyu, sava haiwezi kujua nia ya mtu.