Wi-Fi ya nyumbani haionekani kwenye kompyuta, ya jirani inaonekana

Mwl_Tegeta: Habari zenu wakuu. Nina Dell Latitude ya mtumba, nimeichukua Kariakoo. Muuzaji alisema imetoka Marekani na naamini, maana hata kitufe cha 3 kina #, siyo alama ya pauni. Shida ni kwamba Wi-Fi ya nyumbani haimo kabisa kwenye orodha. Siyo kwamba inakataa pasiwedi, jina lenyewe halipo! Ya jirani naiona, ya duka la chipsi naiona, nikiwasha hotspot ya simu inanasa hapo hapo. Simu zote humu ndani zinaperuzi kama kawaida. Kinachonichanganya, umeme ukikatika na kurudi, siku nyingine jina linajitokeza, nafanya kazi mpaka ukatike tena. Nina mitihani ya kidato cha pili ya kuchapa, msaada tafadhali.

Kibopa: Piga Windows upya mkuu.

Asha_K: Asipige chochote. Kadi ya Wi-Fi ya kompyuta ingekuwa imekufa, hata ya jirani asingeiona. Mwalimu, pakua WiFi Analyzer kwenye simu, utuambie ruta yako iko chaneli (njia ya mawimbi) ya ngapi.

Mwl_Tegeta: Inasema 13.

Asha_K: Basi mchawi tumempata. Kwenye masafa ya Wi-Fi ya GHz 2.4 huku kwetu tunatumia chaneli 1 hadi 13. Marekani kwa kawaida wanaishia 11, na kadi nyingi za soko lao hazisikilizi 12 wala 13. Ruta yako iko Auto, kila ikiwaka inajichagulia. Ikiangukia 6 unaiona, ikiangukia 13 kwako haipo. Ndiyo maana umeme ukikatika mambo yanabadilika. Fungua kivinjari kwenye simu, andika anwani iliyobandikwa chini ya ruta (nyingi ni 192.168.1.1), nenda mipangilio ya Wi-Fi, toa Auto, weka 1, 6 au 11. Hizo tatu haziingiliani, chagua ambayo majirani hawajajazana.

Kibopa: Kwa hiyo Windows isipigwe?

Mwl_Tegeta: Nimeweka 11, maana chipsi wako 1 na jirani yuko 6. Jina limetokea hata simu sijaiweka mezani. Ubarikiwe dada. Kuingia kwenyewe niliandika admin, pasiwedi admin, ikafunguka.

Asha_K: Eeh, hiyo nayo ibadilishe leo leo. Watoto wa tuisheni wakiijua, watakufungia intaneti wewe mwenye nyumba.