Wamishenari vijana tuliowapokea huku Old Moshi wanazidi kunyong'onyea, tuwafanyeje?

Mama Kihamba
Habari za saa hizi wadau. Naombeni ushauri kwa wale mliowahi kukaa na wageni wa kanisa kutoka nje, sio watalii wa mlima, nasema wale wanaokuja kukaa kabisa. Usharika wetu huku juu Old Moshi umepokea vijana wawili toka Marekani, jimbo la Minnesota, binti na mkaka, umri miaka ishirini na kitu, kanisa lao limewatuma kwa miaka miwili waje kwenye huduma ya vijana na kusaidia kingereza shule ya msingi. Mi ndo mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, binti anakaa kwangu na mkaka anakaa kwa mzee wa kanisa hapo jirani.

Walifika mwezi wa nne, na mvua za mwezi wa nne mnazijua, barabara tope mpaka bodaboda wanagoma kupanda, wiki nzima mlima hauonekani na umeme unaenda na kurudi. Mwanzoni walikuwa wachangamfu mno, kila kitu picha, hata mgomba picha. Sasaivi binti anatoka chumbani kula na kwenda kanisani basi. Usiku wa manane namsikia anaongea na kwao kwenye simu, asubuhi macho mekundu. Nimepika machalari, nimepika mtori, nimetuma mtu mjini akanunue tambi, anaonja anasema asante sana mama, anarudisha sahani imejaa. Na baridi hii ya mwezi wa sita inamtesa, nikamwambia si mnatoka kwenye barafu nyie, akasema kwao baridi iko nje, ndani kuna joto, huku ndani na nje ni kulekule.

Mkaka yeye amegeuka mkali. Watoto wakimwita mzungu njiani anawajibu vibaya, juzi kamfokea kijana wa kwaya aliyechelewa mazoezi, kwa kingereza, mbele za watu, vijana wamesusa sasa hakuna mazoezi. Tena jioni hao wawili wanakaa varandani mpaka saa nne wanaangalia laptopu moja, wamama wa jumuiya washaanza maneno yao. Mi najua hakuna kitu, wanaliwazana tu, ila nitamwambia nani akaelewa.

Mchungaji anasema tuwaombee. Tunawaombea. Nataka na vitu vya kufanya. Na asije mtu hapa na ule wa mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, jembe lenyewe binti kashaliomba mara kibao, mama mkwe wangu ndo amekataa, anasema tutachekwa kijiji kizima kwamba tunamlimisha mgeni wa kanisa.

Kamanda wa Usa
Hao wamekuja kula bata tu. Tiketi wamelipiwa, chumba wamepewa, kamati ya mapokezi wameundiwa, bado wananuna. Sisi tukienda kwao nani anatuundia kamati? Warudi kwao walete mwingine anayejielewa.

Ticha wa Lugha
Kamanda acha hizo, mwenzio kauliza kitu cha maana.

Mama pole na hongera kwa kazi. Nimefundisha Kiswahili wageni kwa muda mrefu, wengi wao wamishenari, na swali langu la kwanza ni moja, hao vijana walipita kozi ya lugha kabla ya kuletwa huko juu? Zamani mashirika mengi yalikuwa yanawapeleka kwanza Morogoro pale seminari ya kilutheri, au hapo Usa River kituo cha Wadenmaki, wanasota na ngeli ndo wanaachiwa waende. Siku hizi kuna makanisa yanatuma kijana na programu ya kwenye simu basi, wanasema lugha atajifunza hukohuko.

Sasa fikiria mtu kamaliza chuo kikuu, kwao anaongoza vikundi, watu wanamsikiliza, anafika kwako anaongea kama mtoto wa chekechea. Kila akifungua mdomo watu wanacheka, najua wanacheka kwa upendo lakini yeye hajui hilo. Halafu huko Old Moshi kuna jambo wenyeji hamlioni kwa sababu mmelizoea: nyumbani na kwenye jumuiya wazee wanaongea kichaga. Anajitahidi na hicho Kiswahili chake kidogo, anaenda jumuiya saa kumi na mbili asubuhi amejipanga kabisa, anakuta hata hicho hakitumiki. Anakaa masaa anatabasamu. Kutabasamu kunachosha jamani, muulizeni.

Kuna na jambo la pili ambalo hawatakwambia. Wengi wa vijana wa Marekani hawalipwi mshahara na kanisa, wanachangisha wenyewe kwa ndugu na sharika za kwao, na kila mwezi wanatakiwa kuandika barua kwa wachangiaji, wamefanya nini, vijana wangapi wamebadilika. Sasa huyo binti ataandika nini? Mwezi huu nimejifunza kuosha vyombo kwa maji ya ndoo? Niliwahi kuwa na mwanafunzi analia darasani kwa sababu ya hiyo barua, wala sio kwa sababu ya Kiswahili. Kaa nae umuulize barua ya mwezi huu umeandika nini, utashangaa mlango utakaofunguka. Na kamati yenu iandikie hilo kanisa la kwao, waambieni mwaka wa kwanza ni wa kujifunza, hamuhitaji ripoti ya mavuno. Ikitoka kwenu itawapunguzia sana mzigo.

Nesi wa Zamu
Mi nauliza la kitabibu tu. Binti anameza dawa gani ya kuzuia malaria? Hasa uliza kama anameza kila siku au mara moja kwa wiki. Ya mara moja kwa wiki mara nyingi ni meflokwini, jina la dukani Lariam, na hiyo kwa baadhi ya watu inaleta ndoto mbaya, kukosa usingizi, wasiwasi, huzuni mpaka mtu kuona vitu ambavyo havipo. Mamlaka ya dawa ya hukohuko Marekani iliiwekea onyo kali 2013. Simaanishi ndo tatizo lake, upweke upo na ni ugonjwa tosha, ila mtu halali usiku, hali, analia, hilo ni la kwanza kuliondoa mezani.

Asiache mwenyewe lakini. Huko juu malaria ni kidogo ila wakishuka huku tambarare ipo, kwahiyo amwone daktari abadilishiwe, dawa nyingine zipo. Na huyo mkaka pia, maana hasira za ghafla nazo zinaweza kuwa humohumo.

Mama Kihamba
Nesi umenishtua. Nimemuuliza sasa hivi, ni kila Jumapili baada ya ibada, wote wawili. Nikamuuliza ndoto, akanitazama akasema mama umejuaje. Kesho tunashuka hospitali ya KCMC mapema.

Na ticha, ni kweli kuhusu kichaga, tena mimi mwenyewe ndo nafanya, nikiwa na mama mkwe nasahau kabisa kama kuna mtu wa tatu mezani.

Mmachame Aliyerudi
Mama mimi nilikuwa upande wa pili wa hii habari. Nilikaa mwaka mmoja kijijini Ujerumani, jimbo la Saxony, kwa mpango wa kubadilishana vijana kati ya dayosisi yetu na kanisa la kule. Kwahiyo Kamanda, kamati walituundia, na kamati ndo ilikaribia kuniua.

Nieleze. Nilipokelewa vizuri mno. Chumba safi, baiskeli, masweta, kila mtu anakusalimia kwa heshima halafu anaingia kwake anafunga mlango. Desemba saa kumi jioni giza limeshaingia. Jumapili maduka yamefungwa na basi la kijijini halipiti, ibadani mko wazee wachache na wewe, kanisa kubwa la mawe lina baridi kuliko nje, mkimaliza mnapeana mikono basi, hakuna mnada wa kuku wala ndizi, hakuna watu kusimama nje kupiga stori mpaka saa nane. Nilikuwa naongea na mama usiku bando linaisha naunga lingine. Kila nikiomba kazi naambiwa pumzika, wewe ni mgeni wetu. Yani hiyo pumzika ndo neno lililonichosha kuliko kijerumani chote.

Kilichonitoa ni tarumbeta. Sharika nyingi za kule zina kikundi cha matarumbeta, wazee kwa vijana, na mimi nyumbani Machame nilikuwa napuliza tangu kipaimara. Wakanipa nafasi ya nyuma kabisa, nikakuta tenzi nyingi ni zilezile tunazoimba huku, si wao walituletea. Kuna mzee mmoja alikuwa mkali ajabu, ukikosea nota anasimamisha wote anakutazama. Siku aliyonifokea kama anavyowafokea wajukuu zake ndo siku ya kwanza nililala usingizi. Nilikuwa nimeacha kuwa mgeni.

Kwahiyo kwa huyo binti usitafute tambi. Ukiacha hizo dawa, anatakiwa mtu wa kumgombeza na kazi ambayo asipoifanya kuna mtu itamwathiri. Uliza kama anapiga chombo chochote, walutheri wa Minnesota ni watu wa kuimba sana, mpelekeni kwenye matarumbeta au kwaya akiwa mwanafunzi, msimfanye kiongozi. Hilo nalo ni kosa tunalofanya, tunampa mtoto wa miaka ishirini na mbili kipaza sauti ahubiri kwa sababu katoka mbali, wakati vijana wetu wa umri huo hatuwapi hata kusoma matangazo. Na kila Jumapili tunawasimamisha wageni wajitambulishe. Miezi mitatu bado mnamsimamisha? Acheni.

Babu wa Akeri
Mimi ni mzee wa huku Meru, mniwie radhi kama natoka nje ya mada. Nataka niseme juu ya huyo kijana anayekasirikia watoto. Hapa kwetu Akeri kuna makaburi ya wamishenari wawili, Ovir na Segebrock, walikuwa vijana, walikuja na misheni ya Leipzig ya Ujerumani, wakauawa Oktoba 1896 hata kanisa hawajajenga. Walikuja na Injili kweli, lakini walipiga hema wakati kapteni Johannes wa jeshi la Wajerumani naye yuko jirani na askari wake, wenyeji wakaona ni wale wale. Kisasi kilichofuata kiliwaangukia Wameru na Waarusha vibaya sana, nyumba na ng'ombe, na waliotumwa kukifanya walikuwa pamoja na ninyi Wachaga, hilo mnalijua. Misheni ilikuja kurudi 1902 pale Nkoaranga.

Ninachosema, huyo kijana aambiwe kwamba mtoto akimwita mzungu njiani hamtukani, ila pia hamwiti yeye. Anaita kitu kirefu kilichopita hapa kabla yake. Akilijua hilo atapunguza hasira, au angalau ataipeleka kunakohusika. Huko kwenu Old Moshi alikaa mmishenari Gutmann hadi 1938, kazi yake kubwa ilikuwa kukaa na wazee kuwauliza mambo yao na kuandika. Kuna mambo yake sikubaliani nayo ila alijua kukaa na kusikiliza. Mpeni kijana mzee mmoja akae nae, hata ng'ombe wamwangalie pamoja.

Na yule wa kwaya aliyefokewa aombwe radhi kwa taratibu. Si mna sale ninyi, lile jani la kuombea radhi?

Kamanda wa Usa
Shikamoo babu. Mzungu apeleke sale 😂😂 hiyo nalipa nauli nije kuona.

Babu wa Akeri
Marahaba. Njoo. Utajifunza.

Mama Kihamba
Wadau nimerudi na mrejesho. Dawa wote wamebadilishiwa, daktari kasema tuwape muda, lakini binti ameanza kulala. Barua ya mwezi tumeiandika wote wawili mezani, mi nasema kwa Kiswahili yeye anaandika, tumeelezea mnada wa Jumapili ile alivyonyoosha mkono kumsalimia mtu na mzee wa kanisa akamgongea kuku elfu ishirini na tano, amecheka mpaka kalia tena ila kilio kingine. Kamati imekubali kuandikia kanisa la kwao, mchungaji atasaini.

Sale imepelekwa. Mzee wa kanisa aliongozana na mkaka mpaka nyumbani kwa yule kijana wa kwaya, baba wa kijana alivyoona sale hakuwa na la kusema, ndo mila, wakakaribishwa mbege, mkaka akaonja kidogo akakunja uso watu wakafurahi. Mazoezi yamerudi. Sijui kama hasira zimeisha, jana bado nimemsikia anabishana na bodaboda kuhusu nauli, ila safari hii kwa Kiswahili na bodaboda ndo alikuwa na kosa.

Varandani bado wanakaa na laptopu yao, nimemweka mwanangu wa darasa la sita katikati, wamama wa jumuiya sasa hawana la kusema.

Matarumbeta tunasubiri, binti kasema alikuwa anapiga filimbi ile ndefu shuleni, mwalimu wa bendi anafikiria ampe nini.

Jembe limeshindikana, mama mkwe hataki kusikia. Ila amekubali waende wote kukata majani ya ng'ombe kule bondeni asubuhi, anasema hilo sio kulima. Jana wamerudi binti na mzigo kichwani umelala upande, bibi nyuma anamfokea kwa kichaga njia nzima. Sasa shida ni viatu, mguu wake ni namba 42 na gambuti za kike huku zinaishia 40, anayejua Moshi wanauza wapi namba kubwa anielekeze.

Mmachame Aliyerudi
Anza mitumba ya Kiboriloni, ukikosa shuka Mbuyuni uulizie maduka ya pembejeo, chukua za kiume tu. Soksi nene usisahau, zile zinachuna kisigino.