Kwa nini akina mama hawaitwi kwenye meza ya amani?

Muulizaji, Kasulu: Ndugu zangu, sisi tunaoishi karibu na kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, tunaona jinsi vita vinavyowaelemea akina mama. Kwa nini basi husikilizwa wanapoeleza mateso yao, lakini hawaitwi panapoamuliwa masharti ya amani?

Jibu, Ujiji: Dada yangu, mara nyingi huingia kwa kulazimisha. Mwaka 2003 wanawake wa Liberia, Waislamu kwa Wakristo, wakiongozwa na Leymah Gbowee, waliwazuia wajumbe kutoka ukumbini mjini Accra, wakitaka mazungumzo ya kumaliza vita vya nchi yao yafanyike kwa dhati. Mkataba ulitiwa saini Agosti mwaka huohuo.

Jibu, Kigoma Mjini: Naongeza habari za jirani zetu Warundi. Julai 2000 wanawake wao walikutana Arusha, na mapendekezo yao mengi yakaingizwa katika mkataba wa amani wa Burundi wa Agosti mwaka huo, ingawa katika mazungumzo yenyewe walikubaliwa kuwa waangalizi tu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Muulizaji: Ahsanteni. Azimio namba 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Oktoba 2000, linataka wanawake washirikishwe katika ngazi zote za maamuzi, nasi tudai hilo hata katika vikao vya usuluhishi vya vijiji vyetu vya mpakani.