Orodha ya watoto wasiolipiwa chakula shuleni nimeiandika mimi. Naombeni ushauri kabla ya Jumatatu

MamaDoto
Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni.

Niko kijijini huku Dodoma. Shule yetu ni ya serikali, ya kutwa. Wazazi tulikubaliana kila mtoto aletewe debe la mahindi na kilo tatu za maharage, pamoja na 3,000 ya mpishi. Mimi ndiye mhazini wa kamati ya chakula, daftari ninalo mimi.

Mwezi uliopita kamati ikapitisha: mzazi asiyetoa, mtoto wake asile. Nikaandika majina, yakafika 41. Wala sikuona shida, mpaka Jumanne nilipokwenda kupima mahindi saa ya chakula. Waliolipiwa wakapanga foleni na sahani zao. Wa kwenye orodha wakaambiwa wakakae nyuma ya madarasa. Kuna kabinti ka darasa la tatu kalikuwa kameshakuja na bakuli. Kakaliingiza ndani ya sweta, kakaenda bombani, kakanywa maji, kakarudi zake darasani peke yake. Mama yake namfahamu, analima vibarua.

Nikamwambia mwenyekiti tuwape wote. Akaniuliza, "Muhula ujao nani ataleta debe?" Mume wangu yuko upande wake. Anasema kuna baba kwenye orodha hiyo anashinda kilabuni, iweje sisi tumlishie watoto? Na kweli yupo, namjua.

Kikao ni Jumatatu. Niseme nini? Au nirudishe daftari yaishe?

Kisoda
Mwenyekiti yuko sahihi. Mimi niliuza jogoo ndipo nikatoa mchango. Shuleni kwetu walilegeza kidogo tu, muhula wa pili hakuna aliyeleta kitu, uji ukafa kwa wote. Wenye shida kweli ni wachache, wengine wanatega.

MwalimuMstaafu
Kisoda, mlevi akitega, anayelala njaa si yeye. Kilabuni kuna nyama choma.

Binti, elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, chakula cha wanafunzi wa kutwa kiliachwa kwa wazazi, kwa hiyo kuchangishana kwenu si kosa. Lakini Januari 2018 Rais Magufuli alikataza walimu kushika michango, na akakataza mtoto kurudishwa nyumbani kwa ajili ya michango. Najua mtasema nyie hamkumrudisha, mmempeleka nyuma ya darasa tu. Nimeshika chaki miaka mingi. Mtoto wa namna hiyo mchana anaangalia ubao, kalamu iko mkononi, haandiki.

Wa_Eastlands
Dada, huku Nairobi tangu 2023 tuna Dishi na County. Mzazi analipa shilingi 5 kwa sahani, gharama iliyobaki haimhusu. Pesa anaweka kwa simu, mtoto ana bangili mkononi, anaigusisha kwa mashine anapewa chakula. Hakuna mtu anaita majina. Nyinyi bangili hamna, sawa, lakini foleni haina haja ya kujua nani amelipa.

MbebaBoksi
Msidhani ni mambo ya kwetu tu. Huku Marekani kuna shule zilikuwa zinamnyang'anya mtoto mwenye deni sahani ya moto na kuimwaga jalalani mbele yake, anapewa mkate wa jibini. Chakula kimeshapikwa, kinamwagwa! Minnesota ninakoishi walichoka, wakatunga sheria 2023: asubuhi na mchana watoto wote wanakula bure.

Kisoda
Minnesota wana hela, mkuu. Sisi tuna debe.

MamaLishe_Same
Basi tuongee ya debe. Sisi tulipita nyumba kwa nyumba. Ukifika unakuta bibi analea wajukuu wanne, unamdai madebe manne kweli? Tukawatenga: asiye na kitu kabisa akasamehewa, mwenye nguvu akaleta kuni au akapalilia shamba la shule, mkaidi akapelekwa kwa mtendaji. Watoto wote wakala muda wote huo. Halafu angalia kaya za TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini: sharti la ruzuku ni mtoto ahudhurie asilimia 80 ya siku za masomo. Akianza kutoroka kwa aibu ya mchana, mama anakatwa na hiyo pesa.

MamaDoto
Asanteni. Nimefungua daftari upya. Majina 41, lakini nyumba ni 23 tu. Ya yule mlevi ni moja, ina watoto wawili. Yaani tumewaweka nje wengine 39 kwa hasira ya mtu mmoja. Jumatatu naomba tupite hizo nyumba, na orodha isitoke tena kwenye kamati.

Swali la mwisho: wakinikatalia nikajitoa, daftari nimkabidhi nani?

MwalimuMstaafu
Usijitoe kabla ya kura. Wakikukatalia, mkabidhi mtendaji wa kijiji kwa maandishi, asaini, nawe ubaki na nakala. Hesabu gunia kwa gunia mbele ya mashahidi.