Ushauri: Mdogo wangu ana ruhusa ya kurudi shule, ila mwenyewe anasema shule si ya watu kama yeye

Habari zenu wanajukwaa.

Naomba ushauri kuhusu mdogo wangu wa kike. Ana miaka 17 na mtoto wa miezi kumi. Alipata ujauzito akiwa kidato cha tatu, kijijini kwetu Kishapu, Shinyanga. Mimi ni dada yake mkubwa, nipo Mwanza, nimepanga chumba kimoja na nauza kwenye duka la mtu.

Mambo ya ruhusa nimeshafuatilia. Tangu Novemba 2021 serikali iliondoa katazo na binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi. Mkuu wa shule yake nimeongea naye, kasema hata Jumatatu aje. Asiyetaka ni yeye.

Si kwamba kichwa hana. Mtihani wa kidato cha pili alifaulu vizuri, na Hesabu ndiyo ilikuwa somo lake. Ila sasa ukimgusia shule anakujibu, "Dada, mimi nimeshakuwa mama, shule ni ya watoto." Maneno hayo si yake. Shangazi yetu huyasema neno kwa neno kila akija nyumbani, na huongeza kwamba tukimrudisha tutakuwa tumewaonyesha mabinti wengine kuwa mimba ni jambo la kawaida. Kwaya walimsimamisha. Bombani hakuna anayemwita jina lake tena, ni mama fulani tu. Baba alishapokea ng'ombe wa faini kutoka kwa familia ya kijana, anasubiri aje mtu wa kuoa. Mama yuko katikati, haongei.

Kitu kilichoniuma zaidi nilikiona Pasaka. Daftari lake la Hesabu la kidato cha tatu limegeuzwa daftari la kikoba cha mama, kikundi chao cha kuweka na kukopa. Kurasa za mbele kuna milinganyo yake ya wino mwekundu na mweusi, kurasa za nyuma kuna majina ya wanawake, hisa, mikopo na riba. Anayeandika ni yeye. Jumamosi wanakaa chini ya mwembe, yeye anamnyonyesha mtoto huku anawapigia hesabu kwa kichwa, na hakuna anayebisha.

Nawaza nimchukue aje Mwanza, au nimwambie baba amlazimishe, au nimwache kwanza mtoto akue. Naombeni mawazo, hasa wenye uzoefu.

bintiKahama

Pole sana dada. Mimi nakujibu kama mtu aliyepita hapo.

Nilipata mimba 2018 nikiwa kidato cha pili. Shuleni tulikuwa tunapimwa, majibu yakatoka mbele ya wenzangu, nikafukuzwa siku hiyo hiyo. Ilikuwa mwaka mmoja baada ya Rais Magufuli kusema pale Chalinze, Juni 2017, kwamba aliyepata mimba harudi shule. Usidhani yale maneno yaliishia redioni. Yaliingia ndani ya nyumba. Baba yangu, ambaye alikuwa ameanza kulainika, alipata cha kushikia. Katazo lilipoondolewa mimi nilikuwa nimeshaolewa na nina mtoto wa pili.

Kwa hiyo mdogo wako ana kitu ambacho sisi hatukuwa nacho. Lakini naelewa kwa nini hakioni. Ukisikia kila siku kwamba wewe umekwisha, baada ya muda huhitaji mtu wa kukuambia, unajiambia mwenyewe. Usimlazimishe. Akienda kwa kulazimishwa, siku ya kwanza mtu akimcheka anarudi nyumbani.

Mkulima_wa_Pamba

Mimi ni baba wa mabinti, na ni mtu wa huko huko. Niseme ukweli, usimhukumu sana mzee wako. Mwanaume wa kijijini hafikirii peke yake. Akienda mnadani anaulizwa "vipi yule binti?", na jibu lenye heshima mbele ya wenzake ni kwamba kuna mtu amekuja kuposa. Akisema amerudi shule anaogopa kuonekana ameshindwa nyumba yake.

Usimkabili wewe. Wewe ni mtoto wake, na wa kike, atajiona anafundishwa. Tafuta baba mkubwa, au rafiki yake wanayekaa naye jioni, aongee naye wakiwa wawili. Akipata mzee mwenzake mmoja wa kumuunga mkono, atakuwa na la kusema akiulizwa mnadani.

NesiWaZahanati

Nitagusa mawili.

Hao ng'ombe hawafuti kosa. Sheria ya elimu baada ya marekebisho ya 2016 inampa anayempa mimba mwanafunzi kifungo cha miaka 30. Kumalizana nyumbani si halali, na kunamfundisha binti kwamba jambo lake lina bei. Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi.

Pili, mtoto wa miezi kumi anakula uji na vyakula vingine, lakini bado ananyonya. Lazima ijulikane nani atabaki naye saa za masomo. Mabinti wengi ninaowaona kliniki wanashindwa hapo, hata wale wenye nia.

mwalimu_kanda_ya_ziwa

Nafundisha Hesabu sekondari. Nimesoma kile kipande cha daftari mara mbili.

Dada, umeandika kana kwamba watu wanaomzunguka wote wana mtazamo mmoja. Hawana. Wale wanawake wa kikoba, wengine bila shaka ni haohao wa bombani na kwaya, wamempa pesa zao azitunze. Kukokotoa riba kwa kichwa huku una mtoto kifuani ni kazi, na wao wanajua. Anzia hapo. Mwombe mwenyekiti wa kikoba amwambie, mbele ya wenzake, kwamba wanataka mtunza hesabu wao amalize shule. Neno hilo likitoka chini ya ule mwembe lina uzito kuliko mimi na wewe na waraka wa wizara. Na mama yako ataongea, kwa sababu hatakuwa peke yake.

Kuhusu Mwanza, fikiri vizuri. Chumba kimoja, wewe dukani kutwa, yeye na mtoto ndani mpaka jioni. Maneno ya shangazi atasafiri nayo, na hapo hatakuwa na hata mtu mmoja anayemhitaji.

Kama shule ya zamani haiwezekani, kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi, FDC. Vipo 54 nchi nzima. Kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho mabinti waliokatiza masomo wanasoma sekondari kwa njia mbadala pamoja na ufundi, na kina mama wanaingia na watoto wao, kuna malezi palepale. Karibu na kwenu kuna Buhangija, Shinyanga mjini. Huko akiingia darasani na mtoto mgongoni hatakuwa wa ajabu, wenzake nao wana watoto. Hilo lenyewe ni nusu ya dawa.

Usikae muda mrefu. Mwongozo wa kurudi shule unatoa miaka miwili tangu alipoacha. Nenda kwa afisa elimu sekondari wa halmashauri uulize tarehe zake.

Mleta uzi

Asanteni sana, nimesoma yote. Suala la mwenyekiti wa kikoba halikuwahi kunijia. Ni mama mkali lakini anampenda. Na baba mkubwa yupo, nitampigia leo usiku.

Swali kwa mwalimu: akichagua Buhangija, baada ya miaka akitaka kidato cha tano itawezekana, au anakuwa amefungwa kwenye ufundi?

mwalimu_kanda_ya_ziwa

Hafungwi. Mtihani wa kidato cha nne ni uleule wa Baraza la Mitihani, NECTA, anafanya kama mtahiniwa wa kujitegemea. Akipata sifa anaendelea. Ila swali hilo aulize yeye, siyo wewe. Mpeleke chuoni siku moja akutane na walio pale, muulizie nafasi ya mtoto, halafu mwachie aongee na wenzake bila wewe kuwepo.

bintiKahama

Naunga mkono hilo la mwisho. Na ukienda, mwite kwa jina lake.